Muda wa Kugeuza Kanda

Redio ilipoimeza ile kanda, Wariara hakupiga kelele. Alisimama katikati ya zizi akiwa na ndoo mkononi, akasikiliza sauti ya mwimbaji ikizidi kuwa nzito, ikawa ngurumo, kisha ikanyamaza. Alipofungua kijimlango cha redio alikuta utepe umejisokota kwenye magurudumu ya ndani na kukatika. Aliuvuta kwa kidole. Ukamfuata wote, mrefu, kama utumbo wa kuku.

"Haiya," alimwambia ng'ombe. "Sasa mimi na wewe tutamwambia nini mwenyewe?"

Ng'ombe aliitwa Madamu. Ephantus, mume wa Wariara, ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu tangu akiwa ndama hakupenda kuharakishwa. Alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe, na alikuwa na macho ya mtu anayesubiri kuelezwa jambo. Alitafuna polepole, akamtazama Wariara, kisha akageuza shingo akaitazama redio.

Jioni hiyo hakuachilia maziwa. Kiwele kilikuwa kimejaa, na Wariara alikuwa amekiosha kwa maji ya moto na kukipaka mafuta ya kukamia, lakini kilichotoka hakikufunika hata sehemu ya chini ya ndoo. Kesho yake ikawa vivyo hivyo.

Si kwamba Wariara hakujua kukama. Alikama akiwa msichana kwao, na mikono haisahau. Lakini hapa Dundori, tangu waoane, zizi lilikuwa la Ephantus na jiko lilikuwa la Wariara. Baba yake Ephantus alikuwa mkamaji katika shamba la mzungu, na mwanawe alirithi kazi hiyo kama wengine wanavyorithi pua. Asubuhi na alasiri aliingia zizini, akatundika redio kwenye msumari, akacheza kanda yake moja. Nyumba yote iliendeshwa na kanda hiyo.

Kisha mvua ikanyesha, njia ya kwenda ghala la viazi ikateleza, na Ephantus akaangukia nyonga ya kushoto. Jioni hiyo Wariara aliingia zizini, akaicheza kanda mwenyewe kwa mara ya kwanza, na redio ikaimeza kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Sasa alikuwa Nakuru mjini, kwa binti yao Lynn, akiwa na chuma ndani ya mfupa na amri ya daktari kwamba mguu wa kushoto usikanyage chini mpaka aambiwe.

Alipiga simu kila alasiri.

"Mama Lynn, habari ya huko?"

"Kwema, Baba Lynn. Mguu?"

"Mguu uko. Madamu anaendeleaje?"

"Anakula," Wariara alijibu, na huo haukuwa uongo.

Lynn ndiye aliyejua yote. Yeye alifanya kazi katika duka la dawa, na alikuwa na tabia ya kutafuta dawa ya kila kitu.

"Mum, nimeongea na Kimaiyo," alisema siku moja, akiwa ameshusha sauti ili babake asisikie kutoka sebuleni. Kimaiyo alikuwa mnunuzi wa ng'ombe aliyezunguka huko milimani na pikapu. "Atakuja Jumamosi. Anamchukua Madamu, na bei ni nzuri. Halafu wewe unafunga nyumba, unakuja kukaa hapa na Dad. Chumba kiko tayari."

"Daktari wa mifugo anasema Madamu hana ugonjwa."

"Sasa ana nini?"

"Anasema amekasirika tu. Alimdunga sindano, maziwa yakatoka siku hiyo moja. Lakini huwezi kumdunga ng'ombe kila siku."

"Unaona? Na akikaa na maziwa kiweleni ataugua kweli. Mum, si vibaya kupumzika."

Mtoto hakuwa amesema neno baya. Lakini Wariara alimjua mumewe. Ephantus angeweza kurudi kwenye tope la Dundori kwa magongo, kwa mkongojo, hata kwa kutambaa, mradi kuna wa kumngoja zizini. Hangerudi kuangalia hori tupu. Angekaa kwenye kochi la Lynn akitazama televisheni ya watu wengine, na angesema kila siku kwamba yuko sawa.

"Lynn," alisema, "ile albamu ya babako inaweza kupatikana kwenye simu?"

"Mum! Huyo ni ng'ombe, si shabiki."

"Nimeuliza tu."

Lynn alicheka, lakini aliitafuta, na akaipata. Mtu mmoja, Mungu ambariki, alikuwa ameiweka mtandaoni nzima. Bendi iliitwa Mawingu Brothers, vijana wa huko huko juu, waliorekodi nyimbo tisa mjini wakiwa na gitaa mbili na chupa ya soda ya kugonga, kisha kila mmoja akarudi kulima viazi vyake. Lynn alimtumia mamake zote, na Wariara akashuka nazo hadi kituoni, kwa Elphas.

Elphas alitengeneza simu na kuuza chaja katika kibanda cha mabati karibu na mahali pa kupokelea maziwa. Alimwekea nyimbo kwenye flash na kumwazima kijiredio cha kuichezea.

Alasiri hiyo Wariara alikitundika kwenye msumari wa Ephantus na kubonyeza. Gitaa lilipoanza, mkono wake uliganda.

Ulikuwa wimbo wa viatu.

Hakuwa ameusikia tangu Lynn hajazaliwa. Ulihusu baba anayeteremka Nakuru kumnunulia mtoto viatu, na mtoto anayesikiliza hatua zake barabarani, na bendi ilipiga mbao kuigiza hatua hizo. Kifungua mimba wao, Gathogo, alikuwa na buti za mpira, na kila wimbo huo ulipofika kwenye hatua alikanyaga sakafu ya baraza mpaka vikombe vikalia kabatini. Kisha kukaja Julai ya baridi kali, kifua kikambana, na hakumaliza wiki. Walimzika nyuma ya nyumba, kando ya ua wa saipresi.

Baada ya hapo Wariara alimwambia mumewe jambo moja tu kuhusu nyimbo. "Huo wa viatu, sitaki kuusikia tena hapa nyumbani." Ephantus aliichukua albamu yake, iliyokuwa na picha ya wale vijana juu, akateremka mjini kwa mtu aliyekuwa akinakili kanda, akarudi na kanda nyeusi isiyo na picha wala jina.

"Umeutoa?" Wariara alimuuliza.

"Hutausikia," Ephantus alisema.

Na kweli, hakuusikia.

Sasa aliuruka haraka, na wimbo uliofuata ukaanza. Akakaa kwenye kigoda, akakama. Madamu alisikiliza. Masikio yalikwenda mbele, yakarudi nyuma. Wimbo wa tatu ulipoanza alipiga mguu chini, wa nne akatingisha kichwa kama mtu aliyekosewa jina, na maziwa hayakuja.

Wariara alibaki ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Wimbo wa harusi ulikuwa ukiimba. Ulikuwa mtamu, lakini haukuwa mahali pake. Wimbo wa harusi uliimbwa akimimina chai kwenye thamosi. Huu ulikuwa ukiimba mapema mno, kabla hata ya ule wa kuwasha moto.

Aliinua kichwa.

"Ni kweli," alimwambia Madamu. "Wameichanganya."

Usiku huo, kabla ya kulala, aliipanga kanda upya akilini. Hakuwahi kuisikia nzima zizini, lakini aliisikia jikoni miaka yote hiyo, kupitia ukuta wa mbao, na mikono yake ilikuwa imeihifadhi. Wimbo wa gari moshi, kuwasha moto. Wimbo wa mvua, kusugua sufuria. Wimbo wa mgeni asiyeaga, kuwamwagia kuku mahindi. Wimbo wa msichana aliyehamia Naivasha, kuchekecha unga wa uji. Alikwenda nao hivyo, kazi baada ya kazi, mpaka wimbo wa taa, ambao kila mara ulipoimba Ephantus alitokea mlangoni na ndoo. Zamani alidhani ni bahati tu kwamba mumewe hufika na wimbo anaoupenda. Sasa alitabasamu gizani. Bahati gani hiyo, ya asubuhi na alasiri?

Kesho yake alirudi kwa Elphas.

"Niaje, mathe."

"Salama. Nataka unipangie hizi nyimbo upya."

"Kupanga aje? Hii ni albamu. Wenyewe walishapanga."

"Walipanga ya kwao. Mimi nataka ya kwetu."

Elphas aliweka chini simu aliyokuwa akiifungua. "Haya. Ya kwanza?"

"Ya gari moshi."

"Hapa hakuna kitu inaitwa gari moshi, mathe. Zimeandikwa majina ingine."

"Basi zicheze, moja moja." Akacheza. "Sio hiyo. Sio hiyo. Hiyo! Hiyo ndiyo ya kuwasha moto."

"Ya kuwasha moto," Elphas alirudia, kama mtu wa hospitali anayeandika dawa. "Ya pili?"

"Ya sufuria."

Walipofika kwa kuku, Elphas hakuvumilia. "Mathe, kwani hizi ni za nani?"

"Za ng'ombe."

Elphas aligeuka kumtazama. "Nimepangia watu wa harusi," alisema. "Nimepangia wa matanga. Nimepangia mheshimiwa mmoja wa kampeni, na hakunilipa. Lakini ng'ombe ndio wa kwanza."

"Ana shukrani kuliko mheshimiwa."

"Hiyo nakubali bila kuapa." Aliendelea kubonyeza. "Na hii imebaki? Ya viatu?"

"Hiyo toa."

"Toa kabisa? Si ndio waliimba vizuri kuliko zote?"

Wariara alitazama barabara. Lori la maziwa lilikuwa likipita, mikebe ikigongana.

Elphas alimchungulia usoni, akapunguza sauti. "Basi nitaiweka mkiani, mathe. Ukifika huko unazima. Kitu ukishafuta, kurudisha ni shida."

Alasiri hiyo mambo yalianza vizuri. Gari moshi lilipoanza Madamu aliingia mwenyewe, akasimama mahali pake, akainamisha kichwa kwenye hori. Wakati wa mvua alikuwa ametulia. Wakati wa mgeni asiyeaga Wariara aliosha kiwele, na wakati wa msichana wa Naivasha alikiona kikivimba, chuchu zikakaza, tone moja likachungulia lenyewe. Alivuta kigoda karibu.

Kisha wimbo wa harusi ukaanza, na Madamu akainua kichwa toka kwenye hori, akarudi nyuma hatua moja. Ile chuchu iliyokuwa imejaa mkononi mwake ikalegea kama glavu.

"Sasa nimekosea wapi?" Wariara aliuliza kwa sauti. Karibu alie. "Si huu ndio unaofuata?"

Madamu alikuwa akiitazama redio.

Wariara aliacha kila kitu akaenda jikoni. Alifanya alichofanya siku zote akishindwa na jambo: aliweka maji ya chai motoni. Ilikuwa Ijumaa. Kesho Kimaiyo angekuja na pikapu lake, na si mtu wa kuchelewa. Alimimina maziwa kidogo aliyokuwa ameomba kwa jirani, aibu kubwa kwa nyumba yenye ng'ombe, akatia majani, akasimama akingoja.

Chai. Chai alikuwa akiipika wakati wa wimbo gani?

Hakuna. Alikuwa akiipika kimya. Baada ya wimbo wa Naivasha kulikuwa na kimya, siku zote, kisha ndipo ukaja wa harusi. Alikuwa amezoea kujiambia kwamba Ephantus anageuza kanda upande wa pili. Akaiangalia sufuria. Maji hayakuwa hata yameanza kutoa mvuke. Kugeuza kanda ni kufungua, kupindua, kufunga. Mtu hawezi kupumua mara nyingi kabla hajamaliza. Lakini katika kimya hicho yeye alikuwa akiweka maji, akitia maziwa, akitia majani, chai ikapanda, akaiteremsha, ikapanda tena. Miaka yote hiyo, na hakuwahi kujiuliza mume wake anageuza kanda gani isiyogeuka.

Nyimbo zilikuwa tisa. Nane alikuwa amezisikia kupitia ukuta.

Chai ilimwagika motoni na kuni zikafuka moshi. Hakuiteremsha mara moja.

Aliporudi zizini jua lilikuwa limeanza kushuka. Alikaa kwenye kigoda cha mumewe, mahali pa mumewe, na kwa mara ya kwanza aliangalia ubao wa sakafu mbele yake. Upande wa kulia, pale mguu wa mtu aliyekaa hapo unapotua, mbao ilikuwa imeliwa. Palikuwa na shimo laini, lenye umbo la kisigino cha buti. Hapo ndipo alipokuwa akikanyaga.

"Kwa hiyo alikuwa na wewe," Wariara alimwambia Madamu polepole. "Mimi nilimkataza, akaja kuimba na wewe."

Hakukasirika. Alitafuta hasira, akakuta mahali pake pana kitu kingine, kama pale mtu anapogundua kwamba mzigo alioubeba peke yake ulikuwa na mkono wa pili upande wa nyuma. Ephantus hakuwa ameutoa wimbo wa mtoto wao. Aliuondoa tu mbele, pale ulipomwangukia mkewe, akauhamishia mwisho wa upande wa kwanza; na ulipofika aliteremsha sauti mpaka usivuke ukuta, akakaa nao, asubuhi na alasiri, kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe. Wa kwanza alikuwa nyanyake Madamu. Kisha mama yake. Kisha huyu.

Alibonyeza mpaka mkiani, alikouweka Elphas. Akashusha sauti ikawa ndogo sana.

Gitaa likaanza. Wariara aliweka paji la uso kwenye ubavu wenye joto na kushika chuchu, na hakuomba chochote. Baba aliteremka Nakuru. Mtoto alisubiri barabarani. Zilipokuja hatua, mguu wake wa kulia ulitua kwenye lile shimo bila yeye kuuambia, ukakanyaga, na ukakanyaga tena, na Madamu akashusha pumzi ndefu iliyopita mwili mzima mpaka Wariara akaisikia kwenye paji la uso. Kisha maziwa yakaja. Yalikuja kwa nguvu, kwa mikono miwili, yakipiga chuma cha ndoo kwa mlio ule wa zamani, halafu povu likapanda na mlio ukazama ndani ya povu. Wariara alikama akilia, na kulia kwenyewe hakukuwa kubaya.

Wimbo ulipoisha alirudisha wa harusi, na akamalizia.

Jambo la kwanza kesho yake lilikuwa kumpigia Kimaiyo, amwambie asijisumbue kupanda mlima.

"Mmepata bei nzuri kwingine, mama?" Kimaiyo aliuliza.

"Hapana. Amekubali kukamwa."

"Ng'ombe amekubali," Kimaiyo alisema. "Haya, akikataa tena niambie."

La pili lilikuwa kwenda kwa Elphas, aliyemkuta akifungua kibanda.

"Ile ya mkiani," Wariara alisema, "iweke ya tano."

"Kabla ya harusi?"

"Kabla ya harusi. Hapo ndipo pake."

Elphas aliipanga, akaicheza kidogo kuhakikisha, na mguu wake chini ya meza ukagonga.

Alasiri, simu ilipolia, Wariara alikuwa zizini, na wimbo wa nne ulikuwa umekaribia mwisho.

"Mama Lynn, habari ya huko?"

"Kwema. Mguu?"

"Mguu uko. Madamu..." Ephantus alisita. "Hiyo ni redio yangu?"

"Kanda yako ilimezwa, Baba Lynn. Mimi ndiye niliyebonyeza vibaya. Hii ni nyingine. Sikiliza."

Aliweka simu juu ya hori. Msichana wa Naivasha alimaliza safari yake. Wariara alinyoosha mkono akapandisha sauti ya kijiredio, akaipandisha mpaka mwisho, mpaka kuku wakatoka mbio, na wimbo wa viatu ukajaa zizi, ukavuka ukuta wa mbao ukaingia jikoni, ukapita uani, ukafika nyuma ya nyumba kwenye ua wa saipresi. Madamu alitikisa sikio moja, hakusogea. Maziwa yaliendelea kugonga ndoo.

Simu ilikuwa kimya sana. Alidhani imekatika.

"Baba Lynn?"

"Umeupandisha sauti," Ephantus alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimamishwa mlangoni na hajui kama ataambiwa aingie. "Umeupandisha sana, Mama Gathogo."

Hakuwa ameitwa hivyo kwa miaka mingi. Alisubiri jina lile limchome, nalo likaja likakaa kando yake tu, kama mtu wa nyumbani.

"Wewe ulikuwa unaushusha sana," alisema. "Ukirudi tutauchezea katikati."

"Daktari ananiangalia wiki ijayo. Nitamwambia Lynn atafute magongo ya kutembelea kwenye tope, haya ya hapa ni ya sakafu." Akakohoa. "Na umchue vizuri Madamu upande wa nyuma, hapo kushoto. Hupenda kuzuia maziwa hapo."

"Najua. Amenionyesha."

Wote wawili wakanyamaza, kwa sababu hatua za baba zilikuwa zinakuja barabarani. Wariara alikanyaga kwenye shimo lake. Na kutoka kwenye simu iliyolala juu ya hori, kutoka kwenye vigae vya sebule ya Lynn huko Nakuru, alisikia kitu kingine kikigonga pamoja naye, tak, tak, na nyuma yake sauti ya Lynn akikimbia toka jikoni: "Dad! Daktari alisema nini kuhusu mguu?"

"Huo ni wa kushoto," Ephantus alimjibu bintiye, bila kuacha. "Huu ni wa kulia."